Jinsi ya Kuunda Roboti ya Kuchunguza Mazingira Magumu: Mwongozo kwa Mtafiti Anayeanza

Mtafiti anayekusudia kuunda roboti ya kuingia pangoni, chini ya barafu ya bahari, ndani ya jengo lililoporomoka au kwenye kinu cha nyuklia kilichoharibika hushawishika kuanza na mashine yenyewe: aina ya magurudumu, nguvu ya mota, kasi ya kompyuta. Mwongozo huu unamshauri aanze na mahali, na hasa na yale ambayo mahali hapo patazitenda hisi za roboti. Mashine iliyokosa nguvu husimama, na kila mtu huona kuwa imesimama. Mashine ambayo vihisi vyake vimeanza kuidanganya huendelea kwenda kwa ujasiri uleule, ikichora ramani isiyo ya kweli na kufanya uamuzi juu ya ramani hiyo, mpaka itumbukie. Kwa hiyo kazi kubwa ya mhandisi wa fani hii ni kuiwezesha roboti ipime kila wakati ni kwa kiasi gani inaweza kuziamini hisi zake, na mambo mengine yote, kuanzia umbo hadi programu, yaipishe kazi hiyo.

Eleza mahali kwa namba

Hatua ya kwanza ni kuyaeleza mazingira kwa vipimo badala ya sifa. Kusema kwamba handaki lina vumbi na unyevu mwingi hakumsaidii mtu kuchagua hata mfuniko wa sanduku la kompyuta. Kusema kwamba roboti itavuka dimbwi la kina cha nusu mita kwa muda wa dakika 5 kunaonyesha mara moja kwamba sanduku la kiwango cha IP67, yaani lisilopitisha vumbi na linalostahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, litatosha. Baharini, shinikizo huongezeka kwa kiasi cha angahewa 1 kwa kila mita 10 za kina, kwa hiyo chombo kilicho mita 1,000 chini hubanwa na shinikizo la angahewa zaidi ya 100, na kila kiungio cha kebo kinachopenya ganda lake huwa mlango wa hatari. Chombo cha utafiti Nereus, ambacho mwaka 2009 kilifika kina cha mita 10,902 katika Challenger Deep, sehemu yenye kina kirefu kuliko zote baharini, kilipotea mwaka 2014 katika korongo la Kermadec kikiwa kwenye kina cha takriban mita 9,900. Kufanikiwa mara moja katika kina kikubwa zaidi hakukuwa hati ya usalama kwa safari zilizofuata, kwa kuwa vifaa hubanwa na kuachiwa tena na tena, na uchovu wa vifaa hauonekani kwa macho.

Joto liandikwe kwa kiwango cha juu na cha chini. Betri za lithiamu hupoteza sehemu ya uwezo wake katika baridi kali, na zikichajiwa chini ya nyuzijoto 0 huharibika ndani bila dalili ya nje. Ukilijua hilo mapema utapanga mahali pa kuchajia na kizibo cha joto cha kuzunguka betri. Gesi nazo zina namba zake. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 15 hulipuka ikipata cheche, na mota nyingi za kawaida huweza kutoa cheche, kwa hiyo roboti ya mgodi wa makaa ya mawe isiyoundwa kwa kanuni za vifaa vya mahali penye gesi ya kulipuka haifai kuingizwa, hata ikiwa na vihisi bora kuliko vyote. Katika mgodi wa Pike River nchini New Zealand, baada ya mlipuko wa Novemba 2010, roboti ya jeshi iliyotumwa ndani ya handaki iliharibiwa na maji ikiwa bado njiani. Maji yanayotiririka kutoka darini ni jambo la kawaida kabisa migodini, lakini mashine hiyo, iliyobuniwa kwa kazi nyingine, haikuandaliwa kuyakabili.

Ukimaliza orodha ya namba, andika mbele ya kila sharti kihisi kitakachoathirika na dalili itakayoonekana katika data kabla hakijashindwa kabisa. Watafiti wengi huiruka safu hii ya dalili, nami naiona kuwa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Mionzi mikali, kwa mfano, hutia madoa meupe katika picha za kamera. Mwaka 2017, roboti zilipoingizwa ndani ya chombo cha kinu namba 2 cha Fukushima Daiichi, kituo cha nyuklia cha Japani kilichoharibika mwaka 2011, wataalamu walitumia usumbufu huo wa picha kukadiria ukali wa mionzi. Kilichokuwa kikiiua kamera kilikuwa wakati huohuo kipimo, kwa sababu walijua jinsi ya kukisoma.

Amua unachotaka roboti irudi nacho

Kabla ya kununua chochote, andika kwa sentensi moja kile ambacho roboti itarudi nacho, pamoja na usahihi unaotakiwa. Katika mashindano ya chini ya ardhi yaliyoandaliwa na DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, kati ya 2018 na 2021, timu zilitakiwa kutafuta vitu vilivyofichwa, kama simu, mkoba, sanamu ya mtu aliyenusurika au chumba chenye gesi ya kaboni dioksidi, na kila kitu kilihesabiwa tu pale timu ilipotaja mahali kilipo kwa kosa lisilozidi mita 5. Namba hiyo moja iliamua mengi. Roboti ikikosea mwelekeo wake kwa digrii 1 tu, basi baada ya mita 100 za mwendo ulionyooka itakuwa imejiweka kando kwa mita 1.75, na baada ya mita 300 itakuwa imevuka mita 5; itaiona simu vizuri, itaitambua bila wasiwasi, na bado haitapata alama. Mtafiti aliyekwisha kufanya hesabu hiyo atajua kwamba fedha zake ziende kwenye kipimo bora cha mzunguko (jairoskopu) kabla ya kwenda kwenye kamera yenye picha kali zaidi.

Chagua vihisi kwa jinsi vinavyoshindwa

Ni desturi kuchagua vihisi kwa kulinganisha umbali vinaoweza kuona na ukali wa picha zake. Vigezo hivyo vina nafasi yake, lakini katika mazingira magumu kigezo cha kwanza kiwe sababu ya kushindwa: chagua vihisi ambavyo havishindwi kwa sababu moja. Kamera mbili zikiwekwa pamoja huipa roboti kipimo cha kina, ila zote mbili hupofuka katika moshi uleule. Kamera ikiwekwa pamoja na rada, moshi unaoipofusha ya kwanza hauizuii ya pili, na roboti hubaki na njia ya kurudi.

Kamera ya kawaida ni ya bei nafuu na hutoa taarifa nyingi, lakini inahitaji mwanga na inahitaji kitu cha kushika kwa macho. Helikopta ndogo Ingenuity, iliyoruka Mars kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021, ilijua mwendo wake kwa kufuatilia kwa kamera vijiwe na alama nyingine za ardhi zilizopita chini yake. Ilikuwa imepangiwa safari 5, ikaruka 72. Katika safari ya mwisho, Januari 2024, ilikuwa juu ya mawimbi ya mchanga laini yasiyo na alama za kutosha. Makadirio yake ya mwendo yakaharibika, ikagusa ardhi ikiwa inakwenda upande, na mabawa yake ya kuzunguka yakavunjika. Hapakuwa na giza wala moshi. Kulikuwa na mwanga mzuri na picha safi ya kitu kisichotofautiana, na hiyo ndiyo aina ya upofu inayosahaulika kwa urahisi, kwa sababu anayeitazama picha haoni kasoro yoyote ndani yake.

Ukitumia kamera, pendelea ile inayonasa picha nzima kwa mara moja badala ya mstari kwa mstari, kwa sababu mtikisiko wa roboti hupinda picha za aina ya pili. Taa zisiwekwe karibu na lenzi. Vumbi lililo hewani hurudisha mwanga moja kwa moja kwenye kamera na kujaza picha ukungu mweupe, na kuisogeza taa kando, hata kwa upana wa roboti yenyewe, hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Pia pima kamera inavyofanya kazi roboti inapovuka mdomo wa pango, ambapo kutoka jua kali kuingia gizani huchukua sekunde chache na kamera inayojirekebisha yenyewe hubaki kipofu kwa muda huo.

Laida, yaani kihisi kinachopima umbali kwa miale ya leza, haitegemei mwanga wa nje na huipa roboti umbo la mahali kwa usahihi wa sentimita chache. Ina udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza ni vumbi na moshi, ambavyo hurudisha miale na kuifanya roboti ione ukuta mahali penye hewa tupu. Baadhi ya laida hutoa marejeo zaidi ya moja kwa kila mwale, na kutumia rejeo la mwisho huondoa sehemu ya ukuta huo wa uongo. Wa pili ni wa kijiometri, nao ni mbaya zaidi. Ndani ya handaki refu lililonyooka, lenye kuta laini zinazofanana, kila umbali unaopimwa mita 20 mbele ni sawa na uliopimwa mwanzo, na programu ya kulinganisha vipimo huhitimisha kwamba roboti haijasogea. Tiba yake inajulikana: kabla ya kukubali matokeo, programu ikague ni katika mielekeo ipi vipimo vina taarifa ya kutosha, na katika mwelekeo usio na taarifa iiache laida pembeni na kutegemea mizunguko ya magurudumu au vipimo vya ndani vya mwendo. Mtafiti anayeanza asichukue programu ya ramani iliyo tayari bila kuthibitisha kwamba ina ukaguzi wa namna hiyo.

Kamera ya joto, inayopokea mawimbi ya takriban mikrometa 8 hadi 14, huona kupitia moshi mwingi ambao macho ya binadamu hayawezi kuupenya, na humwona mtu aliyelala kwenye kifusi. Hata hivyo haioni kupitia kioo wala maji, na mahali ambapo kila kitu kimefikia joto moja, kama pango lisilo na upepo, huonyesha picha tupu. Nyingi pia husimamisha picha kwa muda mfupi kila baada ya muda fulani ili kujisawazisha, na programu isiyolijua hilo itadhani roboti imesimama. Rada hupita katika vumbi na ukungu lakini picha yake ni hafifu. Dira ya sumaku isitegemewe karibu na mota, nondo za zege au miamba yenye chuma. Kipimo cha shinikizo la hewa kinachotumika kukadiria mwinuko hudanganyika migodini kila mlango wa hewa unapofunguliwa.

Kihisi pekee ambacho giza, moshi na maji haviwezi kukizima ni kipimo cha ndani cha mchapuko (yaani jinsi kasi inavyobadilika) na mzunguko, na hicho nacho kina kasoro inayokua. Kosa dogo la kudumu la mita 0.01 kwa sekunde mraba katika mchapuko huleta kosa la nusu mita baada ya sekunde 10, na la mita 18 baada ya sekunde 60, kwa sababu kosa la mahali hukua kwa mraba wa muda. Maana yake kwa mhandisi ni kwamba kipimo hiki kinaweza kuivusha roboti katika wingu la vumbi la sekunde 3, lakini hakiwezi kuiongoza kwa dakika nzima. Kuna njia rahisi ya kuifaidi tabia hiyo: roboti ikisimama kabisa, inajua kwa hakika kwamba kasi yake ni sifuri, na inaweza kutumia muda huo kusahihisha makosa yaliyokusanyika. Panga vituo vifupi vya makusudi katika safari, hasa kabla na baada ya sehemu ngumu. Vituo hivyo huchelewesha kazi kidogo na kuokoa ramani nzima.

Saa moja kwa hisi zote

Vihisi vingi bora vilivyounganishwa vibaya ni vibaya kuliko vichache vilivyounganishwa vyema, na kiungo kinachosahaulika kuliko vyote ni wakati. Kila kipimo lazima kiwe na muhuri wa wakati uliowekwa kihisi kilipopima, wala si kompyuta ilipopokea. Roboti inayozunguka kwa digrii 50 kwa sekunde, huku picha ikiwa imechelewa kwa sekunde 0.1, itaweka kila jiwe digrii 5 kando ya mahali lilipo. Ingenuity hiyohiyo ilionyesha jambo hili katika safari yake ya sita, Mei 2021: picha moja ilipotea njiani, picha zote zilizofuata zikawa na mihuri ya wakati isiyo sahihi, na helikopta ikaanza kuyumba mbele na nyuma kwa kuwa ilikuwa ikisahihisha makosa ambayo hayakuwapo. Ilinusurika na kutua ndani ya mita 5 kutoka mahali palipokusudiwa, kwa sehemu kwa sababu wabunifu walikuwa wameacha nafasi ya kutosha katika mfumo wa uthabiti, na kwa sababu hatua za mwisho za kutua hazikutegemea kamera.

Kuna somo la usanifu ndani ya tukio hilo: amua ni vihisi vipi vitatumika katika kila hatua ya kazi, na uviondoe kwa makusudi visivyohitajika katika hatua ya hatari. Kwa upande wa utekelezaji, tumia ishara moja ya umeme kuamsha kamera na laida pale inapowezekana, linganisha saa za kompyuta zote kila zinapowashwa, na weka kanuni katika programu ya kukataa kipimo ambacho muhuri wake umerudi nyuma au umeruka mbele kupita kiasi.

Mwili na ardhi

Magurudumu hutumia nishati kidogo na ni rahisi kutengeneza. Minyororo kama ya tingatinga hupanda kifusi na ngazi. Miguu huvuka mahali ambapo viwili hivyo hukwama, kwa gharama ya umeme na ugumu wa programu. Nisingependa mtafiti apoteze mwaka akibishana juu ya uchaguzi huu. Achague umbo linalovuka kizuizi kirefu zaidi katika orodha yake, kisha arudi kwenye suala la hisi, kwa kuwa hata mwili wenyewe ni kihisi. Umeme unaotumiwa na kila mota, ukilinganishwa na mwendo halisi, huonyesha kama gurudumu linashika ardhi au linazunguka bure. Roboti Spirit ilipovunja ganda la juu la udongo kule Mars mwaka 2009, ikiwa tayari na gurudumu moja lisilofanya kazi, ilizama kwenye mchanga laini uliokuwa chini yake, na haikutoka tena. Mawasiliano yake ya mwisho yalikuwa Machi 2010. Kamera haiwezi kuona kilicho chini ya ganda. Kuteleza kwa magurudumu kunaweza kukigundua mapema, mradi kuna kanuni inayosema kwamba kuteleza kukipita kiwango fulani roboti isimame na kurudi kwa njia iliyokuja nayo. Jambo jingine la kuangalia ni uchakavu: magurudumu ya alumini ya Curiosity, roboti nyingine iliyotua Mars Agosti 2012, yalianza kutobolewa na mawe yaliyochongoka katika mwaka wa kwanza na nusu, na ya Perseverance, roboti iliyoifuata, yakatengenezwa mazito zaidi.

Kebo, redio na ukimya

Kebo huleta umeme na data bila kukatika, na kwa sababu hiyo hupendwa. Pia hunasa. Dante, roboti ya miguu minane, ilishindwa katika volkano ya Erebus kule Antaktika mwaka 1993 kebo yake ya mkongo ilipokatika baada ya kushuka mita chache tu. Dante II, mwaka 1994, ilifanya kazi kwa siku kadhaa ndani ya kreta ya Mount Spurr huko Alaska kabla ya kuanguka ikipanda kutoka. Oktoba 2011, roboti Quince ilibaki ndani ya jengo la kinu namba 2 cha Fukushima Daiichi baada ya kebo yake kunasa. Ukichagua kebo, gurudumu la kuikunjua na kuikunja liwe juu ya roboti yenyewe, ili kebo ilale chini bila kuburutwa kwenye kona, na kompyuta ya roboti iwe na uwezo wa kurudi bila mtu endapo itakatika.

Redio nayo hufa haraka chini ya ardhi, hasa baada ya kona ya kwanza ya mwamba. Timu nyingi za mashindano ya DARPA zilibeba vituo vidogo vya mawasiliano ambavyo roboti ilividondosha njiani, na swali la kiutafiti likawa ni lini kidondoshwe: ukingoja ishara ipotee umechelewa. Pima nguvu ya ishara ikiendelea kushuka, na udondoshe kituo kabla ya kona badala ya baada yake. Majini, mawimbi ya redio hayafiki popote pa maana, na sauti husafiri kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo swali lililotumwa kwa chombo kilicho umbali wa kilomita 3 hupata jibu baada ya sekunde 4, tena kwa data kidogo mno. Kwa Mars kuchelewa huko ni kati ya takriban dakika 3 na 22 kwa upande mmoja. Katika hali kama hizi panga kwa kudhani kwamba roboti iko peke yake, na chochote kitakachofika kutoka kwake kihesabiwe kuwa ziada.

Kuamua pa kwenda

Njia inayofahamika zaidi ya kuchunguza mahali pasipojulikana ilielezwa na Brian Yamauchi mwaka 1997: gawanya ramani katika miraba midogo, kila mraba uwe mtupu, umezibwa au haujulikani, kisha ipeleke roboti kwenye mpaka kati ya miraba mitupu na isiyojulikana. Ni njia nzuri ya kuanzia na inaweza kuandikwa kwa muda mfupi. Upungufu wake ni kwamba inauchukulia mpaka wowote kuwa sawa na mwingine, ilhali mpaka ulio nyuma ya wingu la vumbi, ambako laida itadanganyika, ni ghali kuliko ulio mbali zaidi katika hewa safi. Ongeza kwenye gharama ya kila njia kiasi cha shaka ambacho roboti inatarajia kukipata ikipita hapo, na uipe roboti ruhusa ya kuchagua njia ndefu yenye kona na mawe ya kutambulika. Vilevile, roboti inapopita tena mahali ilipokwisha kupita na kupatambua, makosa yote yaliyokusanyika katika mzunguko huo yanaweza kusahihishwa, kwa hiyo kurudi nyuma kwa makusudi wakati shaka imekua ni sehemu ya uchunguzi.

Nishati ya kurudi ihesabiwe kwa ukali. Wapiga mbizi wa mapangoni hutumia theluthi moja ya hewa kuingia, theluthi kutoka, na theluthi huiacha kwa dharura. Roboti inayotakiwa kurudi inaweza kuanza na kanuni hiyohiyo kwa betri yake, na kuilegeza baadaye ikiwa majaribio yanaruhusu. Kama kurudi si lazima, amua hilo kabla ya safari na uhakikishe kwamba data inatumwa kadiri inavyopatikana.

Majaribio

Uigaji kwenye kompyuta husaidia kugundua makosa ya programu, lakini kwa kawaida hauna vumbi, hauna matope kwenye lenzi na hauna mota iliyopata joto. Utumie kwa mantiki, na usiutumie kama ushahidi kuhusu hisi. Hatua inayofuata ifanyike ndani ya chumba, ambapo unaweza kuharibu hisi moja baada ya nyingine kwa makusudi: ziba kamera kwa kitambaa ikiwa roboti inatembea, washa mashine ya moshi ya jukwaani mbele ya laida, chomoa waya wa kipimo cha gurudumu, chelewesha picha kwa programu. Kila mara uliza swali moja: je, roboti ilitambua kwamba kuna kitu kimeharibika, na ilichukua muda gani? Roboti iliyopotea na kusema imepotea imefaulu jaribio hili. Iliyofika salama kwa bahati, huku ikiripoti kwamba kila kitu ni sawa, imeshindwa.

Unapopima usahihi wa ramani, jihadhari na jaribio la kuzunguka na kurudi mahali pa kuanzia. Ni jaribio zuri, lakini programu inayotambua mahali ilipopita itajisahihisha mwishoni na kuficha kosa lililokuwapo katikati ya njia. Lifanye mara moja ikiwa uwezo huo umezimwa, na mara nyingine ukiwa umewashwa, na uripoti matokeo yote mawili. Inapowezekana, weka alama chache zilizopimwa kwa vifaa vya wapima ardhi ili upate ukweli usiotokana na roboti yenyewe.

Ukienda uwandani, rekodi data ghafi ya kila kihisi pamoja na makadirio ya roboti na kiwango chake cha shaka kwa kila wakati. Mfumo wa ROS, yaani programu huria za kuundia na kuendeshea roboti zinazotumika katika maabara nyingi, una zana za kurekodi na kuicheza tena data hiyo kama ilivyotokea, na jioni moja ya kuicheza tena safari iliyoharibika hufundisha kuliko safari kadhaa zilizofaulu. Angalia hasa dakika zilizotangulia tatizo, kwa kuwa dalili uliyoiandika katika safu yako mara nyingi itakuwa imejitokeza humo mapema. Mwendeshaji naye aandikiwe: kila alipoingilia kati, kwa nini, na alikuwa akiona nini kwenye skrini wakati huo. Katika fainali ya DARPA ya Septemba 2021, iliyofanyika katika machimbo ya Louisville Mega Cavern, mtu mmoja tu wa kila timu aliruhusiwa kusimamia roboti zote, na skrini iliyopangwa vibaya ingeweza kumnyima mtu huyo taarifa muhimu kama vile moshi unavyoinyima kamera. Roboti imwonyeshe shaka yake waziwazi, kwa mfano kwa kuchora mahali ilipo kama duara linalopanuka badala ya nukta moja.

Usalama wa watu haupimwi kwa majaribio. Kitufe cha kuzima umeme wote kiwe juu ya roboti na kingine mkononi mwa mtu, betri zilizogongwa zitengwe nje ya chumba cha kazi, na mtu yeyote asiingie mahali hatari kwenda kuiokoa mashine. Kama kuiokoa kunahitaji mtu kuingia, hesabu mashine hiyo kuwa imepotea na uandike gharama yake katika bajeti tangu mwanzo.

Roboti ikirudi, nakili data kabla ya kuiosha, kisha ipige picha ikiwa bado na matope, ukionyesha lenzi, viungio na magurudumu, kwa sababu mkwaruzo na tope huweza kueleza kipimo ambacho vinginevyo kitabaki fumbo. Katika makala utakayochapisha, taja idadi ya mara ambazo mtu aliingilia kati, umbali uliopita kati ya hitilafu moja na nyingine, na hali ya vumbi, mwanga na joto katika kila safari. Safari ambayo roboti haikurudi iwekwe katika jedwali hilohilo, pamoja na data yote iliyofika kabla ya mawasiliano kukatika, ili mtafiti mwingine anayekwenda mahali pa aina hiyo aweze kuangalia kama dalili zilikuwapo.